Jani la Mgomba Chini ya Kitunga

Kule Kalunguta kuku wetu walijitembelea. Asubuhi mama alifungua mlango wa jikoni, wakatoka, wakapotea kwenye migomba na kahawa, na jioni wakarudi wenyewe. Walichoacha huko nje hakuna aliyekiangalia.

Tulipokimbilia Butembo wakati wa vita, mama aliokoa kuku mmoja tu. Alimfunga mgongoni kwa kikwembe kama mtoto mchanga, na mimi, binti yake mkubwa, nikambeba mdogo wangu. Tulipata chumba Bulengera, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye mume wake alisafirisha mizigo kati ya Beni na Butembo. Kuku akataga pembeni ya kitanda, akaatamia, akatotoa. Mama akatutangazia: "Hawa bakikomaa, tunarudia kwetu." Baba hakubisha. Hakuna aliyejua vita vitaisha lini, basi vifaranga wakawa kalenda yetu.

Nje kulikuwa na askari waliopenda kuku kuliko wenye kuku, kwa hiyo tuliwafuga chumbani, chini ya kitunga kikubwa, juu ya jani la mgomba. Kila asubuhi nilitoa jani chafu na kutandika jipya, lakini sikuruhusiwa kulitupa kabla mama hajaliinamia.

"Benzako banasikiliza radio," baba alimtania. "Weye unaangalia mavi."

"Radio inadanganyaka," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Hii, hapana."

Siku za mwanzo jani lilikuwa na vinyesi vidogo, vigumu kiasi, rangi ya udongo, vyenye kofia nyeupe kama vimeguswa na unga. Halafu asubuhi moja tukakuta kitu kingine: uji wa kahawia unaong'aa, unaonata kama karanga iliyosagwa, na harufu iliyotutoa sote nje. Mama alikuwa amefuga kuku tangu utoto wake, na hakuwahi kuona kitu kile.

"Ni tumbo," alisema. Akawanyima chenga za mahindi, akawapa maji ya pilipili. Kesho yake uji ule ulikuwapo tena. Mama akakaa kizingitini na kumwambia baba kwa sauti ndogo kwamba afadhali tumpike kuku mwenyewe kabla naye hajafa.

"Na kurudia kwetu?" niliuliza.

Mwenye nyumba alipita kuelekea kisimani, akamwona mama pale kizingitini.

"Yaya," alimwita kama dada yake mkubwa, "kuna mutu amekufa?"

"Batoto ya kuku. Banakufa."

Yule mama akainua kitunga. Vifaranga wakaikimbilia pete yake, wakaanza kuidonoa.

"Banakufa? Hawa banataka kunikula kidole."

"Angalia jani."

Akaangalia, akacheka taratibu. Mume wake alileta kuku kutoka Beni ndani ya vizimba, na kufagia chini ya vizimba hivyo ilikuwa kazi yake tangu aolewe. "Hii inatokaka mara moja moja, katikati ya yale mazuri. Kuku yako kule Kalunguta alikuwa anafanya hivi pia, lakini nyuma ya mugomba. Weye hukuona."

"Basi niogope nini?"

"Damu. Ama maji ya kijani yenye haiishe. Ama nyeupe yenye inaganda huku nyuma na kufunga njia. Na uangalie kifaranga mwenyewe. Anakula? Amekunja mabawa? Jani peke yake halitoshi."

Akawashika mmoja mmoja na kuwageuza. Mdogo kuliko wote, aliyesimama peke yake amefumba macho, alikuwa amezibwa kabisa nyuma kwa gamba jeupe. Mama aliruka kuchemsha maji, kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. Nilimshika kifaranga kiganjani, naye mama akalilowesha gamba kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, tena na tena. "Usivute," mwenye nyumba alionya, "utatoa ngozi." Gamba likalainika, likatoka. Tukamkausha karibu na mbabula, jiko letu la makaa, tukawarudishia wote mahindi yao.

Jioni kifaranga yule alininyea mkononi: kinyesi kidogo, kigumu kiasi, chenye kofia nyeupe. Mama akamwita baba kutoka kwenye radio. Baba akaja, akatazama.

"Ni habari nzuri?"

"Ni habari nzuri."

Tangu hapo nimehama miji mingi, na sijui kukaa mahali. Lakini nikiingia nyumba yenye vifaranga, huinama kwanza ndipo nisalimie.

Tulipoanza kuwatoa vifaranga wale uani waote jua, mwewe alichukua mmoja tu. Wengine walipokuwa kuku kamili, upande wa kwetu ulikuwa umetulia kidogo, na mama hakusahau alichosema. Tuliondoka asubuhi, kitunga chenye kuku kichwani mwangu. Tulipopita nyumba za mwisho nilihisi kitu cha moto kikinishuka shingoni. Nikasimama, nimenuna. Mama akaja nyuma yangu, akachungulia kwa muda, akanipangusa kwa jani.

"Iko muzuri," alisema. "Tuendelee."