Bwana Ila

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Bwana Ila aliwasha kompyuta na kusoma majibu ya wanafunzi kuanzia katikati. Mwanzo aliuruka. Mwanzo ulikuwa salama siku zote.

Kazi yake ilikuwa kuwaangalia wanafunzi ambao chuo kiliwapeleka kusoma ng'ambo. Programu iliwauliza hali zao, ikasoma majibu, ikamwashia kila mmoja taa: kijani kwa aliye salama, nyekundu kwa mwenye shida. Walioitengeneza hawakujua kwamba kwetu hata aliyevunjika mguu husema kwanza "nzuri". Kijana mmoja aliandika, "Salama, ila nimechomwa kisu." Programu ikaliona neno la kwanza, ikamwashia kijani. Alizikwa angali kijani.

Baada ya mazishi, Bwana Ila alijifungia na majibu ya miaka ya nyuma akayachambua moja moja. Aliona kwamba shida haikai mbele, hujibanza nyuma ya "ila". Akaifundisha programu kutazama huko, na wenzake wakampa jina.

"Ila ya jana ilikuwa ipi?" Mkurugenzi alipenda kumtania. "Wali haukuiva?"

"Blanketi fupi, mama."

"Basi tumpelekee fundi cherehani."

Asubuhi hiyo taa nyekundu ilikuwa ya msichana wa mwaka wa pili, mpole, aliyekuwa amepanga chumba kwa mzee mmoja. Alikuwa ameandika muda mfupi tu uliopita: "Salama kabisa, ila mwenye nyumba amechukua ufunguo wangu wa chumba."

Bwana Ila akapiga simu.

"Shikamoo, baba." Alikuwa ananong'ona.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Chumbani. Yuko mlangoni, amelewa. Nimesukuma meza."

Mkurugenzi, ambaye sasa utani ulikuwa umemtoka, akasoma anwani kwenye kioo cha kompyuta na kuanza kuwatafuta polisi wa kule kwa simu nyingine. Teke likagonga mlango. Likafuata jingine, na mbao zikalia.

"Una nini karibu?"

"Vitabu."

"Kingine."

"Pasi."

"Ishike."

Meza ikapinduka. Bwana Ila akasikia kofi, nguo ikichanika, kichwa kikigonga ukuta, na msichana akivuta pumzi kama mtu anayezama. Nyumbani kwake hata panya walifukuzwa na mkewe. Sasa alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mpige!"

Kikasikika kishindo kizito, kama nazi inayopasuliwa. Kitu kikaanguka. Halafu mwanamume akaanza kusema maneno kwa lugha ambayo Bwana Ila hakuijua, polepole, kama mwenye damu kinywani. Lakini kuomba ni kuomba, hakuhitaji mkalimani.

"Mpige tena," akasema.

Akampiga tena. Na tena. Yale maneno yakakatika, pasi haikukatika, mpaka polisi walipoingia.

Yule mzee hakufa. Taya lilisagika, na hadi leo hasemi. Mahakama ya kule ilisumbuka na mapigo yaliyokuja baada ya mtu kuanguka. Msichana alisema hakumbuki. Katika maelezo aliyoandikia mahakama, Bwana Ila alisema kwamba alimshauri ajitetee. Wakamwachia msichana, wakamrudisha nyumbani, masomo yameishia njiani.

Alikuja ofisini na mama yake, mkono wa kulia umefungwa plasta. Mkurugenzi akamwita shujaa na kumvutia kiti. Hakukaa. Alikuwa amekonda, na macho yake hayakutulia mahali.

"Halali huyu," mama yake akasema. "Juzi alikuwa anapiga pasi, mdogo wake akapita nyuma yake, nusura amuue. Ananiambia kuna sauti. Nimemwambia ni shetani, twende tukaombewe."

"Mama, niache niulize." Msichana akamgeukia Bwana Ila. "Baba, mzee alikuwa chini ananiomba, na mimi nikasikia mtu ananiambia nimpige tena. Mpaka sasa namsikia. Nataka kujua kama ndivyo nilivyo. Ile sauti ilikuwa yangu?"

Mkurugenzi akamtazama Bwana Ila, akatikisa kichwa kidogo.

"Ilikuwa yangu," Bwana Ila akasema. "Nilimsikia akiomba, nikakwambia umpige tena."