Nguru, Ndobya na Tanki Mbili za Beu

Ile siku moja ninaikumbuka kwa ulimi, mwanangu, juu ya vile ilikuwa na chumvi.

Hapana cheka. Najua chenye unajiuliza: huyu wa darasa ya mwisho njo ananiita "mwanangu", na ndevu zake zinahesabika kwa mukono moja? Ndiyo. Niko na miaka kumi na saba. Mais kuko batu benye walikula chumvi kidogo kidogo, sahani kwa sahani, mpaka wakakuwa bazee. Miye niliikula yote siku moja. Donc nina haki. Kaa chini, wewe wa première, darasa ya kwanza, mwenye unakimbizana ku ngazi kila saa ya récréation, ni wewe ninaambia.

Kwetu Butembo tulizaliwa mapacha. Nguru alitangulia, miye Ndobya nikafuata. Kwetu Banande jina ya pacha haichaguliwe, inakungojea mulangoni: wa kwanza ni Nguru, wa pili ni Ndobya, imeisha. Na kuko sheria yenye kila mama anaijua: chenye unapatia moja, patia na mwingine, saa ile ile. Ndizi mbili. Shati mbili. Fimbo mbili, hata kama mwizi wa sukari ni moja. (Nguru njo alikuwa anaiba. Miye nilikuwa nalia naye tu. Haki ya mapacha iko vile.)

Halafu dada ya mama, mwenye analima viazi kule Luofu, akavunjika mukono, na Nguru akatumwa kumusaidia musimu moja. Musimu moja tu, mwanangu. Vita ikaingia mu barabara, barabara ikafungwa, na ule musimu haujaisha mpaka leo. Ili apate réseau ya simu anapanda kilima, na sauti yake inatufikia vipande vipande. "Ndobya, we uko..." halafu upepo. Mama hakuacha sheria. Akinunua kayé yangu ya kuandikia, ananunua na ya Nguru. Akinunua suruali, anaipima mara mbili ku kiuno yangu. Ya Nguru inaingia mu malle, sanduku ya chini ya kitanda. Ile malle imejaa nguo za mutu mwenye anaendelea kurefuka bila sisi kumuona.

Mwanzo wa vakanse, likizo ndefu ya mwaka jana, mama akaleta viatu: pea mbili, nyeusi, namba moja. Nikakataa kuvaa yangu. Nikasema: siku Nguru atavaa, na miye nitavaa. Nikabakia na viatu vya zamani, vyenye vilikuwa na mudomo wazi mbele, kama batu banaomba chakula. Mama akatia pea zote mbili mu malle. Sokulu, babu yetu, baba ya mama, aliangalia vile viatu, akaniangalia na miye, akaenda kazini. Angesema siku ile, singekuwa na habari ya kukuambia leo.

Sokulu ni plombier, fundi wa maji, tena ni shemasi ya Baprotestanti. Mu kikapu yake ufunguo wa kufunga tiyo za maji unalala pamoja na kitabu ya nyimbo, na vyote viko na mafuta. Ile vakanse Bamasere, batawa Bakatolika ba kituo moja cha afya kule Beni, mu commune ya Beu, wakamuita. Maji ya foraje yao, kisima ya kutoboa, ilikuwa ngumu: kila sufuria ilivaa koti nyeupe ya chokaa, sabuni ilikataa kutoa povu, na mashini ya kuchemushia vyombo vya kuzalisha bamama ilikuwa inaziba kila wakati. Wakapata tanki mbili za kulainisha maji. Sokulu akasema, "Ndobya, kuya na miye. Macho yangu haione tena alama ndogo ku tiyo." Nikaenda na viatu vyangu vya njaa.

Siku ya kwanza tulifunga. Sokulu alisawazisha sakafu ya sima mpaka tone ya maji haikujua ielekee upande gani. Tukasimamisha tanki mbili, ndefu kama bashemasi, tukaingiza tiyo katikati ya kila moja, tukafunga mudomo wake na kitambaa ili kitu kisiingie, tukamwanga mu tanki changarawe, halafu rezine. Rezine ni mbegu ndogo za njano, utasema mayai ya samaki. Njo zinakamata chokaa. Zikishiba, unaziosha na maji ya chumvi, unasuuza, zinaanza tena. Njo maana tanki ziko mbili: moja inaoga, ingine inatumika, na maji haikatike kwa maternité, nyumba ya kuzalia. Pembeni tukaweka pipa ya chumvi, moja tu, ya kutumiwa na zote mbili. Na juu ya kila tanki kuko mukono wa kugeuza: kazi, kuosha, chumvi, kusuuza.

Mufanyabiashara moja wa soko alituletea mawe ya chumvi ya Katwe, ile ziwa ya chumvi ya Uganda. Sokulu akalamba jiwe moja, akafunga macho. "Baba yangu alibebaka hii ku kichwa toka Katwe," akasema. "Iko muzuri kwa ng'ombe na kwa kumbukumbu. Mais mu pipa itaacha udongo." Akatuma waende kuleta chumvi safi ya mbegu kubwa. Lile jiwe akalitia mu mufuko.

Miye nikachukua marker, nikaandika ku tanki ya kwanza NGURU, ku ya pili NDOBYA. Sokulu akasoma, mais hakufuta.

Kesho yake asubuhi Masere Kahindo, mukubwa wa kituo, akatufikia na funguo zake zote kiunoni. "Muzee, sikia. Kesho kuko mama moja wa kupasuliwa. Vyombo vyake vinaingia mu mashini leo jioni. Kama maji haiko muzuri leo, kesho unabeba tanki zako, na miye narudilia sufuria na makala."

"Itakuwa muzuri, Masere," Sokulu akasema. Na kwa Sokulu neno ikishatoka haina barabara ya kurudilia.

Akafungula maji robo tu. Hewa ikatoka ku tiyo ya kumwanga maji inje, fyuuu, halafu maji ya mawingu, halafu maji safi. Miye nilitaka afungule yote, tumalize, twende kula. "Polepole," akasema. "Ukifungula yote mara moja, mbegu zinapanda juu, zinaziba kichwa. Maji ni mugeni. Mugeni unamukaribisha mulangoni, halafu unamupatia kiti, halafu chai."

"Kwetu kwanza wanamuuliza atarudi saa ngapi," nikasema.

"Njo maana kwenu hakuna mutu anakuyaka," akajibu. Ni mwenye kunizalia mama, mwanangu, na anasema "kwenu".

Akaweka NGURU ku kazi. Kabla amalize ya pili, wakamuita kuangalia robine moja ya maji yenye ilikuwa inalia mu chumba ya bagonjwa. Akanishika bega. "NGURU iko ku kazi, iache. NDOBYA, iweke ku chumvi, peke yake. Halafu uisuuze mpaka maji haina ladha. Moja tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Sokulu."

Na kweli nilisikia. Kosa haikukuwa ku masikio.

Akiisha kutoka tu, simu ikalia. Nguru. Kisha siku makumi mengi, sauti safi, utasema iko nyuma ya ukuta.

"Ndobya! Uko wapi?"

"Beni. Ninaosha mapacha."

"Mapacha gani?"

"Si siye? Niliandika majina."

Akacheka mpaka nikaona meno yake. "Na unaosha nani mbele?"

"Miye. Wewe uko ku kazi."

"Siku zote," akasema, bado anacheka. "Siku zote ni miye ku kazi, weye ku maji. Ndobya, viatu vyangu..." Halafu upepo.

Nikabakia na simu ku sikio. Viatu vyake nini? Nikaangalia ile tanki ya NGURU, inavuma peke yake, maji ya kituo muzima inapita mu tumbo yake, na ile ya NDOBYA imesimama pembeni kama mutoto wa tajiri anangojea kuogeshwa. Hapana, nikasema. Pacha haogi peke yake. Kidole moja haiue chawa. Sheria ni sheria. Nikashika mikono yote mbili ya kugeuza, nikazipeleka ku chumvi saa ile ile, pamoja. Nilijisikia muzuri, mwanangu. Nilijisikia kama mama, siku ya kununua.

Dakika kidogo, nje kukapigwa kelele. Ni Mama Masika wa kufua. "Weye, mutoto wa plombier! Maji imeenda ku misa?" Robine zote zilikauka, juu tanki zote mbili zilikuwa zinaoga, na hakuna yenye ilikuwa ku kazi. Nikarudisha mikono yote ku kazi, mbio, bila kusuuza. Asiyesikia la mukuu huvunjika guu, wanasema. Miye, ingekuwa guu tu, ningeshukuru Mungu. Maji ikarudi ndani ya tiyo zote za kituo, na ile chumvi yote ndani yake.

Masere Kahindo akatokea mulangoni na kikombe. Sokulu alikuwa nyuma yake.

"Muzee," akasema, "nyinyi Baprotestanti munabatiza mpaka chai?"

Sokulu akatia kidole mu kikombe, akalamba. Akaangalia ile mikono mbili. Akaniangalia, toka kichwa mpaka viatu. Mu midomo ya viatu vyangu chumvi ilikuwa imekauka, nyeupe.

"Na mashini?" akauliza polepole.

"Bado hatujaijaza," Masere akasema. "Tulianza na chai."

Chai ibarikiwe, mwanangu. Kila kikombe ninakunywa leo, ninakisalimia mbele.

"Ni kosa yangu, Masere," Sokulu akasema. "Niliongoza vibaya. Nipatie mpaka jioni." Akageuza vane za pembeni, vifungo vya maji, ili maji ya foraje ipite bila kuingia mu tanki, bamama wasikose maji. Masere akaenda. Hapo njo nilipata aibu yenye haina mahali pa kuketi, juu muzee wa miaka yote ile alivaa kosa yangu mbele ya batu, na ilimukaa vibaya, kama koti ya mutoto.

Akageuza bido, dumu moja tupu, akakaa juu yake. Hakupandisha sauti.

"Nani alikuambia uzipeleke zote?"

"Ni sheria ya mapacha, Sokulu."

"Mm. Nionyeshe. Chumvi ya NGURU iko wapi?"

Nikaonyesha pipa.

"Na ya NDOBYA?"

Nikaonyesha pipa ile ile.

"Donc wanakula chumvi moja. Njo hiyo sheria. Hakuna mutu alisema wafanye kila kitu saa ile ile. Zote zikienda kuoga, nani anapatia bamama maji? Ndugu yako kule anasaidia mutu wa mukono wa kuvunjika. Wewe unatembea na vidole inje, unafikiri njo kumupenda. Mama yako anapasuka moyo kila akiona ile viatu. Ni zamu, Ndobya. Yako ni ya hapa. Uifanye."

"Mais zamu yake inachelewa kuisha, Sokulu."

Nilifikiri atanipatia mezali ya bazee. Alikuwa nazo, mufuko muzima. Akatoa lile jiwe ya Katwe, akaligeuza mu mukono, muda murefu.

"Ndiyo," akasema. "Inachelewa."

Mpaka leo njo neno yenye ilinisaidia zaidi.

Halafu tukaanza tena. NDOBYA kwanza, peke yake, halafu NGURU. Kuosha, chumvi, kusuuza. Na Sokulu akanipatia kikombe: "Wewe njo utaniambia wakati ladha imeisha." Nikaonja. Chumvi. Nikaonja. Chumvi. Kikombe kisha kikombe, mpaka ulimi ukawa kama kiatu. Masaa zilienda. Jua ilikuwa inashuka nyuma ya bomba ya jikoni wakati nilionja na sikusikia kitu. Nikaonja tena. Maji tu. Sijawahi kunywa kitu tamu vile.

Masere akajaza chupa, akatia sabuni kidogo, akatikisa. Povu ikapanda mpaka ku kizibo. Akaangalia Sokulu, halafu miye. "Muzee, huyu mutoto wako anaona kiu?"

"Atakuwa nayo wiki nzima, Masere," Sokulu akasema.

Asubuhi yake, wakati tulipita, vyombo vya yule mama vilikuwa tayari, vimefungwa mu kitambaa safi, vimepangwa. Mama mwenyewe hatukumuona. Gari yetu ilikuwa inaita.

Nyumbani nilitoa malle chini ya kitanda. Nikavaa viatu vyangu vipya. Vya Nguru nikashika mu mukono: ngozi ilikuwa imeanza kukauka na kukunjana, juu kiatu chenye hakitembee kinakufa. Donc nikafanya zamu. Juma yote ninavaa vyangu. Yenga, siku ya Mungu, ku kanisa, ninavaa vyake. Mama aliona ile yenga ya kwanza. Toka pale anapiga brosi pea zote mbili, anazipanga mulangoni, moja kandokando ya ingine.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaisema mara mbili juu ngengele ya kuingia darasa itapigwa. Mwenye unamupenda akiwa mbali, hapana simamisha maisha yako ili mufanane naye. Fanya zamu yako, tena vizuri, mutu asikose maji kwa sababu ya majonzi yako. Chake kiangalie kisikauke. Mukubwa akikuambia "moja tu", ni moja tu. Na mwenye anakulilia akisema zamu inachelewa, hapana mutupia mezali. Mwambie: ndiyo, inachelewa. Wanasema milima haikutanake, batu njo wanakutanaka. Miye niko kati ya milima, ninangojea.

Mungu akupatie mwenye kukushikia kazi wakati unaoga, na mwenye kukubebea kosa mbele ya batu halafu akukaripie pembeni. Maji yako iwe laini, chai yako isibatizwe. Na ile barabara ya Luofu, Baba, ifungule hata robo tu, kama robine ya Sokulu. Hewa itoke kwanza, halafu maji ya mawingu. Tutangojea ile safi.