Haloo, Uli Nde?

Shangazi yangu hakuweza kutamka Halowini. Nilipoitaja mara ya kwanza, jikoni kwake Kasulu, alisikia "Haloo, uli nde?", ambayo kwa Kiha chetu ni "Haloo, wewe ni nani?" Akadhani nimepigiwa simu. "Mjibu basi," akaniambia, "utamwachaje mtu hewani?"

Habari za Halowini nilizitoa Kibondo, nilikokuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni wanaofanya kazi za misaada. Mgeni mmoja kutoka Ireland alikuwa hashikiki akisikia mtu anaiita sikukuu ya Wamarekani. Ilianza kwao, alisema, kwa Wakelti wa kale, kabla Ukristo haujafika: mavuno yameisha, ng'ombe wamerudishwa kutoka malishoni, mioto mikubwa inawashwa, na usiku huo mlango kati ya wafu na walio hai unabaki wazi. Marehemu waliwekewa chakula. Baadaye Kanisa likaweka Watakatifu Wote siku inayofuata, na watu wakaendelea na mambo yao. Alipoondoka aliniachia sura ya plastiki ya kuvaa usoni, ya kizee chenye pua kama muhogo, nami nikaja nayo Kasulu nikiwa na nia mbaya kabisa.

Nia yenyewe ilimhusu jirani. Mume wa shangazi alifariki masika yaliyopita, na tangu hapo shangazi alikuwa hajamwota hata mara moja. Jirani alikuwa amemwota mara mbili, na alihakikisha mtaa mzima umejua. "Kanitokea tena yule mzee, kanawiri kweli!" Shangazi akisikia hivyo alisonga ugali kwa hasira mpaka sufuria inahama mafigani. Alianza kulala mapema makusudi, akimngoja mumewe. Wapi! Iliniuma kumwona akiamka na uso umemwanguka.

Basi mwisho wa Oktoba nikamwambia tumtishe huyo mama jirani mpaka aote simba. Shangazi alikubali kabla sijamaliza kusema. Akatoa boga la mwisho ghalani, nikalichonga macho na meno kama alivyonieleza yule mgeni, huku shangazi akinung'unika kuhusu hao Wakelti.

"Wafu wao wanakuja wakati wa mavuno, wanakula. Wetu wakija sasa hivi mvua ndiyo kwanza inaanza, watakuta nini? Jembe?"

Kisha akajaribu ile sura. Ilimkaa vizuri mno, nikacheka hadi nikashika ukuta.

"Lakini ya nini hasa?" akauliza kutoka ndani ya plastiki.

"Ya kujificha, shangazi. Watu wa kale walijibadilisha sura ili mizimu ikipita isiwatambue."

Akaivua polepole.

"Isiwatambue?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikivaa hii, mzee akija anipite?"

Aliingia ndani, akanawa uso, akapaka mafuta, akatoka amevaa kitenge alichonunuliwa na mumewe. Akaniwekea ile sura mkononi.

"Mpelekee jirani. Mwambie imetoka Ulaya, inaleta baraka, alale nayo."

Nilimpelekea. Jirani aliivaa palepale, akajiangalia kwenye simu yake, akasema inampendeza. Sikumbishia hata kidogo.

Niliporudi, shangazi alikuwa ameweka boga mlangoni na mshumaa ndani yake, na pembeni sahani ya maharage yaliyofunikwa vizuri, kwa sababu hakutaka mumewe ale chakula chenye inzi. Alikaa kibarazani uso wazi, akitazama njia. Manyunyu yakaanza, nikaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta anakoroga uji. Maharage yalikuwa yameliwa. Mbwa wa mtaa wetu ninawafahamu.

"Alikuja?" nikauliza.

"Kaja. Nimemwota mpaka alfajiri."

"Kasemaje?"

Alicheka kwanza, cheko refu ambalo sikuwa nimelisikia tangu msibani, halafu machozi yakamtoka na mwiko bado uko mkononi.

"Kasema nimekonda. Ati nimekonda! Yeye si ndiye kaondoka?"