Kalamu na Karamu

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mtu akiliandika leo kwenye simu yake anafika mahali nisipotaka afike, na aliyelipeleka huko ni mimi.

Lilikuwa jina la bibi yangu. Nilipofungua duka la khanga Mabatini nilililipia mtandaoni liwe jina la tovuti yangu, nikaweka picha za khanga, nikasubiri wateja. Wateja hawakuja. Duka likafa, ila jina nikaendelea kulilipia kila mwaka kwa ukaidi tu, maana nilikuwa nimeshazoea kuwa nalo.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Usagara. Alikuwa anafungua shule ya chekechea na akataka iwe na jina la binti yake, hata mtandaoni. Kijana wa steshenari aliyemsaidia alimwambia jina hilo, lilelile la bibi yangu, mtandaoni lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Mabatini. Mama akafunga safari.

Nilimwamkia, akaitikia, "Malahaba, mwanangu. Habali za hapa?"

Lazima nikiri jambo. Nyumbani kwetu tulilelewa tukiwacheka watu wa namna hiyo. Tuliojiita watoto wa mjini tulijiona Kiswahili ni mali yetu, na mtu akisema "balabala" tulimrudia kwa sauti mpaka aone haya. Siku ile sikumcheka mama wa watu. Nilicheka moyoni, na leo naona hiyo haikuwa na nafuu yoyote.

Akanieleza bila kupepesa macho. Binti yake alizama ziwani akiwa darasa la tatu, mtumbwi ulipopinduka wakitoka kwa shangazi yake. Walitafuta siku nne. Hawakumpata.

"Wenzangu wana kabuli la kupalilia," akasema. "Mimi nina jina."

Nilikubali kumuuzia palepale. Hapakuwa na dalali wala wakili, tulikuwa sisi wawili barazani na karatasi ya daftari. Niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na ninapenda usifiwe. Mnunuzi atalipa nusu kwanza, atafungua akaunti yake kwenye kampuni ileile iliyosajili jina, atanipa anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo, na akishapokea atathibitisha na kumalizia. Muuzaji ataondoa kufuli linalozuia jina lisihame na kulihamisha likiwa halina deni wala mgogoro.

Mama akanisikiliza nikisoma, kisha akauliza, "Na likipotelea njiani?"

"Halipotei, mama. Ni kubonyeza tu."

"Andika."

Nikaandika ili kumridhisha: muuzaji atahakikisha jina limefika mkononi mwa mnunuzi. Tukatia saini.

Wiki iliyofuata akanipigia kwa simu yake ndogo ya kitochi. Kijana wa steshenari alikuwa amemfungulia akaunti, akamwandikia anwani kwenye kikaratasi, naye akanisomea. Kabla ya ile alama ya @, ilikuwa neno moja na tarakimu mbili.

"Kalamu," akasema, kisha zile tarakimu.

Nilikuwa nimeshasikia "habali" na "shukulani" katika simu hiyohiyo. Kwa hiyo nikamsahihisha kichwani kama nilivyozoea kuwasahihisha watu wa huku maisha yangu yote. Nikaandika karamu. Sikumwomba anitajie herufi moja moja. Sikumrudishia nilichoandika. Nikabonyeza.

Jioni akapiga kuuliza mbona halijafika. Nikamwambia asubiri kesho. Kesho yake nikamwambia mtandao unasumbua. Siku ya tatu nikaangalia vizuri. Ile akaunti ya karamu ilikuwepo, ya mtu nisiyemjua, na alikuwa ameshalipokea jina.

Nilimwandikia mtu huyo nikimsihi. Kimya. Niliiandikia kampuni, nikajibiwa kwa adabu kwamba mwenye jina ndiye aliyelihamisha kwa hiari yake, na kwamba bila idhini ya aliyepokea hawawezi kulirudisha. Miezi michache nikamzungusha mama kwa visingizio vya mtandao, kisha ukurasa ukafunguka. Ulikuwa wa kamari, mpira unazunguka na maandishi yanawakawaka, na juu yake jina la marehemu bibi yangu na la yule mtoto.

Nikaenda Usagara mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Ukutani fundi rangi alikuwa ameshaandika jina, na chini yake anwani ya tovuti kwa herufi za bluu. Watoto walikuwa ndani wanaimba, wamevaa masweta yenye jina hilohilo kifuani.

Nilimweleza mama kila kitu mpaka nilipofika kwenye kamari. Hapo nikaishia. Nikamrudishia hela yake, akaiweka mezani bila kuiangalia.

"Lakini nilisema kalamu," akasema taratibu. Akachomoa kalamu kwenye kilemba chake, akaniinulia niione. "Hii. Ya kuandikia."

Angenitukana ningeshukuru.

Baadaye akauliza, "Na hao walionalo, wanalifanyia nini jina la mwanangu?"

"Wanapika, mama," nikasema. Sijui ilitoka wapi. "Ni watu wa karamu. Wanapikia maharusi."

Akafikiri. Uso wake ukalegea kidogo, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

"Basi si haba. Alikuwa anapenda shelehe, yule." Akavuta kiti karibu na changu. "Nifungulie kwenye simu yako kubwa, nione wanavyopika."

Nikamwambia bando langu limeisha.

"Subili," akasema, akitoa kitochi chake mfukoni. "Nitajie namba yako polepole, nikuwekee."