Mashine ya DJ yenye bibi mupya wa baba yake alimuchagulia mutoto wangu

Admin, tafazali ficha jina langu, juu mutoto wangu naye anasomaka hii page. Majina yote nimebadilisha.

Miye ni maman wa miaka 46, ninaishi hapa Bukavu, upande wa Panzi, na ninauzisha vitenge kwenye soko. Niko na mutoto mumoja tu, kijana wa miaka 21, tumuite Patient. Baba yake alituacha Patient akiwa angali mu école primaire, akaoa bibi mwingine, tumuite Noëlla. Huyo Noëlla alisoma informatique, mambo ya kompyuta, anatumika mu biro, na wanaishi Muhumba, kwenye courant ya umeme haikatikake sana. Huku kwetu courant inakuja siku inataka.

Patient anapenda kazi ya DJ. Alianzia kwenye telefone, kwenye sikukuu za familia. Wandugu walikuwa wananiambia huyo mutoto atakuwa muzururaji, lakini miye nilimuona vile anasikilizaka wimbo, kichwa chini, kama mutu anasali. Nikaingia mu likelemba na wamama wa soko, kila mara mumoja anapokea franga za wote. Zamu yangu ilipofika, nikaenda peke yangu kumununulia ordinatere, kompyuta ya kubeba. Nilitaka kumushangaza.

Muuzaji akaniuliza, "Maman, ni ya kufanya kazi gani?" Nikasikia haya kusema DJ. Nikajibu, "Ya mutoto wangu, ya masomo." Akanionyesha moja kubwa, écran pana, mupya, inang'aa. Nikaona kubwa ndiyo nzuri. Patient alipoiona, alininyanyua mbele ya majirani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa dot, sikukuu ya kutolea mahari ya binti mumoja kule Nyangezi. Alibeba ile mashine kwenye mugongo, juu ya pikipiki, njia yote mashimo. Watu walipoanza kucheza, kila mara akitaka kuunganisha wimbo mbili, mashine inakwama, musiki unakata. Kisha courant ikakatika, na batterie haikukawia ikazima. Watu wakapiga miluzi. Wakamalizia sikukuu na telefone ya kijana mwingine. Patient akarudi nyumbani, akaiweka juu ya meza. "Maman, si kosa yako. Hii ni mashine ya kuandikia."

Akaenda kwa baba yake kuomba shauri. Baba yake akamuambia, "Miye sijue hayo mambo, uliza Noëlla." Na Noëlla akatoka naye, wakazunguka mamagazini ya kuuzisha ordinatere. Patient mwenyewe ndiye alinielezea yote, macho yanawaka, hakujua vile ananichoma.

"Maman, hakuangalia hata rangi. Alimuambia muuzaji atoe kamba ya courant, akaweka clé USB yangu ya musiki, akasema nipige wimbo mbili pamoja. Yenye kukwama, tunaacha. Akauliza mémoire iko ngapi, akauliza kama batterie ni yake ya kweli. Kisha akainyanyua na mukono mumoja. Akasema DJ wa Bukavu anapandaka milima, habebe jiwe."

Wakarudi na kamashine kadogo ka occasion, kenye mutu alishatumikisha, keusi, kamekwaruzwa juu, bei yake chini ya ile yangu. Na kanafanya kazi. Wandugu, ninawaambia kweli, nilikuwa nangojea kakwame. Kila Jumamosi Patient akitoka, ninangojea arudi na ile sura ya Nyangezi. Anarudi anaimba. Sasa ni Tantine Noëlla alisema hivi, Tantine Noëlla alisema vile. Nikipika sombe, ananiambia Tantine haweke chumvi mingi. Nikisikia lile jina, ninaongeza chumvi ingine.

Jumamosi yenye imepita kulikuwa ndoa ya binti wa jirani yetu. Patient ndiye alipiga musiki. Baba yake na Noëlla nao walialikwa, wakakaa meza ya nyuma. Wakati wa kukata gâteau, Patient akakamata micro, akasema, "Mbele ya kuendelea, ninamushukuru maman mwenye alinichagulia hii mashine. Maman, simama watu wakuone."

Wamama wenye nilikaa nao wakanisukuma. "Maman Patient, simama basi."

Na miye nikasimama. Nilijua si miye. Nikainua mikono, salle nzima ikapiga makofi. Nikageuka kuangalia nyuma. Noëlla alikuwa ameanza kuinuka, kitambaa chake cha kupepea tayari mukononi. Akakaa tena polepole, na yeye akapiga makofi, akiniangalia.

Angenitukana, ningejua namna ya kumujibu. Lakini ile kunipatia makofi yake, kama mutu anamuachia mwingine kiti, ndiyo inanitafuna mpaka leo.

Nyumbani nikamuuliza Patient, "Ulikuwa unasema maman gani?"

Akaniambia, "Maman, ulikuwa umeshasimama mbele ya watu wote. Ulitaka nikukalishe?"

Juzi ameniletea maneno. Noëlla anataka kuja kunisalimia Jumapili, kisha ya misa. Anasema kuko mutu kwenye kazi yao mwenye anatafuta ordinatere kubwa kama ile yangu, tuiuzishe, Patient anunue chombo cha kuchanganyia musiki. Tena Patient anaomba ahamie kule Muhumba, juu ya courant, apate kujifunza kila siku.

Najua mutaniambia ni kwa faida ya mutoto. Hata miye ninaiona ile faida. Lakini huyu ndiye nilikuwa naye peke yangu miaka yote. Nikikubali, nitabaki na nyumba yenye haina hata kelele. Nikikatala, nitakuwa maman mwenye alimufungia mutoto njia, na ule bibi atakuwa mwema mara ya pili.

Wamama wenzangu, na ninyi vijana wenye mulikomalia mikononi mwa wamama wawili, munisaidie mbele ya Jumapili. Nimufungulie mulango? Na nikishafungua, nimuambie nini?