Rangi ya Mvua Iliyochelewa

Kila jioni fundi wino alirudi nyumbani na vidole vya rangi tatu, na mkewe alivisoma kama watu wengine wanavyosoma saa. Gumba likiwa la bluu, siku ilikuwa ya maofisi. Waridi ikikaa chini ya kucha, wanafunzi walikuwa wakichapa kadi zao. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na humo alijaza upya katriji za mashine za kuchapia. Alitoboa tundu dogo, akaingiza sindano, akasukuma wino taratibu huku amezuia pumzi, kisha akaziba tundu kwa tone la nta ya mshumaa. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na sita bila kuongea sana, kwa sababu ukiongea mkono unatikisika.

Mkewe naye alikuwa mtu wa rangi, ila yeye alikuwa upande wa majina. Aliuza vitambaa katika duka lilelile tangu usichana wake, na machoni pake hakukuwa na kitu kinachoitwa kijivu. Kulikuwa na shingo ya njiwa, na moshi wa asubuhi, na sufuria iliyosuguliwa. Mteja akija kutaka kitambaa cha kahawia, aliulizwa: kahawia ipi? Ya gome lililolowa, au ya chai iliyosahauliwa mezani? Mteja alisimama pale akitafakari kana kwamba ameulizwa jina la nyanya yake, na mwisho aliondoka na kitambaa pamoja na jina. Wengine walirudi baada ya miaka wakitaka ile chai iliyosahauliwa, mita mbili.

Kisha siku moja alipanda ngazi kuteremsha jora la rafu ya juu, akateremka nalo vibaya. Nyonga ilivunjika.

Wiki sita alilala hospitalini akitazama ukuta mweupe na shuka nyeupe. Aliporudi nyumbani mfupa ulikuwa umeunga. Daktari alimwambia fundi kwamba mguu umemaliza kazi yake, sasa kazi imebaki kwa mwenye mguu. Magongo yakaegemezwa ukutani. Kila asubuhi fundi aliuliza kama leo watajaribu, na kila asubuhi mkewe alijibu, "Kesho, baba." Kutoka kitandani hadi dirishani palikuwa na hatua nne, na kesho hizo zikaanza kufuatana kama shanga.

Lakini kilichomtia fundi hofu hasa hakikuwa mguu. Binti yao alikuja Jumapili na vipande viwili vya kitambaa, akamwomba mama amchagulie cha kushona gauni. Mama alivitazama kidogo tu.

"Vyote sawa," akasema.

Fundi alitoka akasimama uani, akajifanya anaangalia nguo zilizoanikwa. Mke wake wa miaka yote ile amesema vyote sawa. Aliona kwamba mtu anaweza kuwa yupo kitandani, anakunywa uji, anaitika, na bado akawa anaondoka kidogokidogo, na huna pa kumshika.

Wenzake mgonjwa wa dukani walileta ua la okidi katika chungu: majani manene ya kijani chini, bua moja refu lililopinda, na juu yake maua matano mfano wa vipepeo waliotua kupumzika. Binti akaliweka dirishani, karibu na pazia. Mgonjwa akaliangalia mara moja. "Jeupe," alisema, akageukia ukutani. "Hata hapa weupe umenifuata."

Jambo lenyewe lilianzia kibandani, kwa bahati tu. Jirani yake hapo alikuwa mama muuza nyuzi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi aliyemwita fundi shemeji. Siku hiyo alikuwa na ua jeupe alilolichuma njiani, na kwa kukosa pa kuliweka alilitumbukiza katika glasi ambayo fundi alioshea sindano zake. Wakasahau. Mchana ulipita kimya na joto, na fundi alipoinua macho aliona mishipa ya bluu imeenea ndani ya petali, myembamba kama mito inayoonekana kutoka juu sana. Alilitazama mpaka mteja akagonga meza.

"Shemeji, ua langu umelifanya nini?" muuza nyuzi akauliza.

"Limekunywa."

"Basi limeshakuwa la mtu mkimya. Lingebaki langu lingesema kwanza."

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshafika mbali, kwenye dirisha la chumba chake.

Alianza kwa kumwagilia chunguni maji yenye wino. Siku tatu zikapita bila kitu. Mizizi ilichuja rangi yote na kuiacha kwenye vipande vya magome vilivyojaza chungu, na maua yakabaki meupe. Ndipo alipofikiria kufanya anachokijua. Alfajiri moja, mkewe akiwa bado usingizini, alitoboa bua kwa sindano, kimshazari, akasukuma matone machache ya wino wa bluu, akaziba kwa nta. Mweusi hakuugusa: huo ni unga laini uliochanganywa na maji, hata mashine huziba. Bluu huyeyuka kama sukari, na kinachoyeyuka hupanda.

Na ikapanda. Siku ya kwanza hakuna ambaye angeapa kwamba ameona kitu. Siku ya pili ua la chini lilikuwa na rangi kama ya pumzi kwenye kioo. Mwanga wa asubuhi ulipolipitia, kivuli chake kikaanguka ukutani juu ya kitanda, nacho kilikuwa na ubluu, kikitembea polepole kadiri jua lilivyopanda, juu ya mto, juu ya shavu la aliyelala. Mgonjwa alifumbua macho akaona mkono wake una rangi. Aliugeuza, akaugeuza tena. Fundi, aliyekuwa mlangoni na bakuli la uji, alisubiri hadi uji ukafanya utando.

"Umeliona ua?" hatimaye aliuliza.

"Nilidhani naota," akajibu, akaomba kijiko.

Hakutaja jina lolote. Lakini siku nzima hakugeukia ukutani.

Hapo fundi akakosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu wa kazi yake. Katriji hujazwa mpaka ijae. Ikipungua kidogo, mteja atarudi analalamika. Matumaini yalipomwingia, mkono wake ukarudia ulichozoea. Alhamisi alfajiri alisukuma wino mpaka bua likakataa, akaziba tundu harakaharaka kwa sababu birika lilikuwa linachemka, akaenda zake kazini karibu akiimba.

Saa nne hivi muuza nyuzi alilalamika kwamba jua la leo limemlainishia mishumaa yote aliyoipanga mbele ya banda, imeinama kama watu wanaosali. Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha sindano ikamtoka mkononi. Kibandani kwake kuna kivuli siku zote. Nta ya humo haijawahi kuliona jua. Lakini lile dirisha la nyumbani jua hulipiga moja kwa moja, na kando ya bua lile, karibu kabisa, linaning'inia pazia.

Pazia lile mkewe aliliita ndizi ya juzi. Lilikuwa kipande cha mwisho cha jora ambalo kiwanda hakikutengeneza tena, na alilificha chini ya meza ya duka mwaka mzima kabla ya kulileta nyumbani. Fundi alifunga kibanda bila kumjibu muuza nyuzi aliyeuliza anakimbilia wapi na umri wake huo.

Chumbani kitanda kilikuwa kitupu.

Magongo yalikuwa palepale ukutani. Mkewe alisimama dirishani, peku, nywele zimemtimka. Kwa mkono mmoja alikuwa amelikusanya pazia lote na kulinyanyua juu ya kichwa, na kwa mkono mwingine ameshika kikombe cha dawa chini ya bua, ambapo wino ulidondoka tone kwa tone. Ukutani, juu ya kitanda kitupu, vivuli vitano vya bluu vilitikisika kidogo.

"Usisimame hapo kama mgeni," alisema bila kugeuka. "Maji. Ya baridi. Ya moto yanaifunga rangi."

Fundi alileta maji, akaleta na kiti. Kiti mkewe hakukitaka mpaka pindo la pazia lilipoloweshwa, likaminywa, likaloweshwa tena. Doa moja lilikuwa limeingia, ukubwa wa punje ya mahindi. Alilisugua kwa gumba, akalisogeza kwenye mwanga, akaguna.

"Ulidhani ni katriji?"

"Nilitaka tu..." fundi alianza. Akatazama sakafu, na hapo akaona miguu ya mkewe, yote miwili, kwenye vigae. Mkewe alifuata macho yake. Naye akaiona. Wakaitazama wote wawili, kama watu waliokuta mlango wazi na hawakumbuki nani ameufungua.

Kisha akakaa kitini, taratibu, akalivuta ua la karibu kwa ncha ya kidole.

"Wino wako ni bluu tu," alisema. "Bluu ya risiti. Lakini hapa ukingoni, inapoisha nguvu..." Aliinamisha kichwa, jinsi alivyofanya dukani jora linapofunguliwa mara ya kwanza. "Mvua iliyochelewa. Ile unayoiona kwa mbali mpaka unachoka kuingoja."

Fundi alichukua kikombe cha dawa, kwa sababu alihitaji kushika kitu.

Maua yaliyonyweshwa kupita kiasi hayakudumu. Yalidondoka moja baada ya jingine kabla ya mwezi kuisha. Kwenye ncha ya bua vitumba viwili vilibaki, na kimoja kilipofunguka fundi alilikuta ua asubuhi, jeupe pe, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Mkewe alikuwa jikoni. Alisikika akija kwa magongo, moja, mbili, akipumzika, moja, mbili. Fundi akajiweka mbele ya dirisha. Aliona aibu, kama fundi aliyerudishiwa kazi.

"Limerudi kuwa jeupe," alimwambia. "Nisamehe, mke wangu."

Mkewe alimtazama kama alivyowatazama wateja miaka yote ile. Akamsogeza pembeni kwa ncha ya gongo, akasimama alipokuwa amesimama yeye.

"Nyeupe ipi?" akauliza.