Sajini anayetaka bendera yake irudi

Saa kumi na mbili asubuhi, kando ya soko la Kasongo, Clovis Musafiri anasimama kutoka kwenye kiti chake cha mbao, anakaa, anasimama tena. Mikono ameikunja kifuani. Anahesabu kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa kambini akiwa kijana. Akifika tisa, magoti yanagoma, naye anayatukana.

"Ni haya magoti ndiyo yananipa aibu, si uzee," anasema huku akihema. "Uzee hata mupinzani wangu Christophe iko nao. Ananishinda miaka mitatu! Lakini umuangalie anavyotembea. Inaniuma, ndugu. Inaniuma kabisa."

Clovis ana miaka sitini na minane. Alikuwa sajini wa jeshi tangu enzi za Zaire. Leo ni fundi baiskeli. Anaziba mipira, ananyoosha rimu, anakaza breki, na siku nzuri hurudi nyumbani na faranga elfu kumi. Siku mbaya hurudi na mikono michafu tu.

Ila wateja wake wote wanajua kwamba moyo wa mzee huyu hauko kwenye baiskeli. Uko kwenye bendera.

Kila tarehe 30 Juni, askari wa zamani wa Kasongo hupita mbele ya wakubwa na wananchi, na mmoja wao hubeba bendera ya chama chao. Hapigiwi kura. Jumapili ya pili ya Juni wote hukutana uani kwa mwenyekiti wao, mzee Amisi Ramazani. Kila anayeitaka bendera hukaa kwenye kiti kifupi akiwa ameshika mti wa bendera kwa mikono miwili, kisha husimama. Mti hauruhusiwi kugusa chini.

"Mukono ukigusa goti, umetoka," anaeleza mzee Amisi. "Ukiyumba, umetoka. Mutu ataweza namna gani kusimama saa mbili kwenye jua, kama kiti kinamushinda?"

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemweza Clovis. Halafu, miaka mitatu iliyopita, mkono wake wa kulia ukagusa goti. Anasema uligusa kidogo tu. Wenzake wanasema aliliegemea kama ukuta. Bendera ikaenda kwa Christophe Kalonda.

Na huyo Christophe ni nani? Alikuwa kaporali chini ya Clovis! Alikuwa akipigiwa kelele na Clovis kila asubuhi. Sasa, akiwa na miaka sabini na mmoja, anasukuma baiskeli yenye bidoni nne, madumu ya mafuta ya mawese, hadi Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu, siku tatu kwenda na siku tatu kurudi. Mgongo wake umenyooka.

"Siku ya défilé, ile gwaride, watoto wanapiga makelele: Papa Christophe! Papa Christophe!" anasema Clovis. "Zamani walikuwa wanaita jina langu. Siku ile moja tu kwa mwaka, watu walikuwa wanajua kama nilikuwa mutu. Siku zingine, mimi ni muzee wa mipira."

Wivu ukikaa ndani ya mtu hautulii. Mwaka jana ulimfikisha Clovis mahali ambapo mwenyewe anapasimulia akiangalia chini. Kiti kinachotumika kwa mtihani ni hikihiki anachokalia kazini, na siku mbili kabla ya mtihani alikipunguza miguu kwa msumeno, upana wa vidole viwili.

"Christophe iko murefu," anasema. "Nilijua mutu murefu kwenye kiti kifupi atateseka. Mimi niko mufupi, na nakikalia kila siku. Nikasema, safari hii nimemupata."

Alichosahau fundi wetu ni mikono yake. Anaposimama kazini, daima hushika baiskeli anayoitengeneza. Miaka ya karibuni baiskeli za watu ndizo zilikuwa zikimwinua, naye akidhani ni miguu.

Siku ya mtihani wanaitwa kwa cheo, sajini kabla ya kaporali. Clovis akakaa, akashika mti wa bendera, akajikaza. Hakuinuka. Akajikaza tena, mishipa ikamtoka shingoni. Wazee wakaanza kucheka, lakini kicheko kikageuka aibu.

Christophe ndiye aliyekuja kumshika kwapani na kumwinua. Alipomwinamia, akamnong'oneza sikioni: "Sajini, hiki kiti umekikata." Kisha akakaa yeye, magoti yakamfika karibu na kidevu, na akasimama.

"Hakusema kwa mutu hata mumoja mpaka leo," anasema Clovis. "Unaona sasa? Hata roho yake inashinda yangu! Nayo ninaionea wivu, haki ya Mungu."

Mwezi wa kwanza mwaka huu alikwenda kituo cha afya kumwona muuguzi Emilienne, ambaye huwapima askari wa zamani presha na nguvu za miguu, akihesabu mtu anasimama kitini mara ngapi kwa nusu dakika. Hakuweza kusimama hata mara moja bila kushika meza.

"Nilimwambia, Papa Clovis, miguu yako haijafa, umeiacha bila kazi," anakumbuka Emilienne. "Weka mbao juu ya kiti, usimame kila asubuhi. Ukizoea, toa ubao mmoja. Na utembee, usikae siku nzima. Lakini yeye swali lake lilikuwa moja tu: Christophe anafikisha ngapi?"

Alikataa kumwambia. Christophe mwenyewe ndiye aliyesema: kumi na mbili kwa nusu dakika. Clovis hakulala vizuri wiki nzima. Mbao zimekwisha kutoka zote, na yeye amefika tisa.

Tukiwa bado tunaongea, Christophe anatokea akisukuma baiskeli yake yenye bidoni nne. Anaelekea Salamabila, atarudi siku moja kabla ya mtihani.

"Sajini, jambo. Breki inalia."

"Acha hapo, kaporali."

Clovis anazifungua breki zote mbili. Anatoa raba zilizochakaa na kuweka mpya, anakaza, anaisukuma baiskeli mbele na nyuma, haridhiki, anafungua na kukaza upya. Anakataa malipo. Christophe anashukuru na kuondoka, naye Clovis anamsindikiza kwa macho mpaka anapotea kwenye kona.

Namuuliza kama jicho lile la wivu limekwisha. Ananishangaa.

"Limekwisha wapi? Kule njiani kuna milima, na Jumapili ninataka kumushinda akiwa muzima, miguu yote miwili, watu wote wanaangalia. Akianguka yeye, bendera watanipatia kwa huruma. Na mimi huruma siitaki."

Anakaa kitini, anakunja mikono, na kuanza tena kuhesabu.